Sura ya Saba: Vipanya Kumi na Vitatu

Sajini Kobe aliposema anataka kuanza na kipanya cha kompyuta, watu wote chumbani walimtazama kama mtu aliyeingia msibani akaulizia matokeo ya mpira.

Walikuwa na haki. Jana asubuhi, sakafu ya ghorofa ya kwanza ya hosteli mpya ya wanafunzi wa uuguzi iliporomoka pamoja na vitanda vyake. Wasichana watatu walitolewa na michubuko. Wa nne alikuwa bado wodini, hajafumbua macho. Na kibali kilichowaruhusu kuhamia kilitoka hapa, ofisi ya ukaguzi wa majengo, kwenye kompyuta hii, kwa jina la mwanamke huyu aliyesimama kando ya kabati akiwa na pingu mikononi. Jumatano, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Jalada lake lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri, na saa ya ukutani ilikwishafika sita na robo.

"Kipanya, afande?" aliuliza fundi wa kompyuta wa ofisi, kijana mrefu aliyejulikana kwa jina la Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. "Mtu yuko mahututi, sisi tunaulizana kipanya?"

"Wewe una haraka ya kwenda wapi? Leo Jumamosi."

Kobe lilikuwa jina la chuo cha polisi. Alipewa kwa sababu mbili: hatua zake zilikuwa za polepole, na kila alipokutana na jambo gumu shingo yake ilizama ndani ya kola mpaka ukabaki unazungumza na masikio. Hivi sasa shingo ilikuwa nje. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akamgeukia mwenye pingu.

"Mhandisi, nisimulie tena. Polepole, kama unamsimulia mtu mjinga."

Mhandisi alikuwa na miaka thelathini na kitu, macho mekundu, sauti bado nzima. "Faili la hosteli ndilo lililokuwa la kwanza kwenye orodha, lilifunguka lenyewe nilipoingiza neno la siri. Jengo nilishalikagua mwenyewe Jumanne. Nguzo mbili za katikati zina nyufa, zege la sakafu ya juu halijakomaa. Nikajaza yote hayo kwa kibodi, nikateremka kwa kibodi hiyohiyo mpaka chini kabisa kwenye vile vitufe viwili, Idhinisha na Kataa. Nataka kubonyeza Kataa, ndipo nikashika kipanya mara ya kwanza asubuhi ile, kikagoma."

"Kikagoma vipi?"

"Kikafa, afande. Mshale umeganda. Nikakipuliza, nikakigonga mezani, nikakisugua kwenye sketi, nikakibonyeza mara kumi. Kimya. Nikaenda stoo kuomba betri. Niliporudi ukurasa umefungwa na faili la hosteli halimo tena kwenye orodha yangu. Nikajua ile Kataa imekubali kwa kuchelewa."

"Hukuhakikisha?"

Mhandisi aliangalia viatu vyake. "Sikuhakikisha. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini Idhinisha sijaigusa. Hata unifunge miaka mia, sijaigusa."

"Na uliondoka ukaiacha skrini wazi?"

"Sasa ningeifungaje bila kipanya?"

Waya alikohoa kikohozi cha mtu anayejua jibu. "Kwenye kibodi, dada. Vitufe viwili tu."

"Ungenifundisha Jumatano," Mhandisi alimjibu. "Leo nina pingu."

Kobe alikizungusha kiti taratibu, akakipima chumba kwa macho. Kilikuwa na mlango mmoja unaotokea kwenye korido. Dirisha moja lilitazama nje, ghorofa ya tatu, pasipo hata sehemu ya ndege kutua. Ukuta wa kushoto, kuanzia kiunoni mpaka juu, ulikuwa wa kioo. Nyuma ya kioo ilikuwa ofisi ya Mkuu. Wafanyakazi walisema Mkuu alikiweka kioo kile miaka kumi iliyopita ili "aone kazi inavyokwenda", na meza ikageuzwa ili skrini imtazame yeye. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kucheza karata kwenye kompyuta.

Kuhusu mlango, maelezo yalikuwepo. Jumatano asubuhi ile mama mfagizi alikuwa anapiga deki korido. Polisi waliomhoji jana waliandika maneno yake kama alivyoyasema: "Aliyekanyaga sakafu yangu mbichi ni Mhandisi peke yake, kwenda na kurudi. Angekanyaga mwingine ningekuwa mimi ndiye niliye mahabusu." Kwa hiyo hakuna mwingine aliyeingia chumbani. Kwa wenzake Kobe, hesabu ilikuwa imeisha: chumba kimoja, mtu mmoja, kidole kimoja.

Kobe naye angeikubali hesabu hiyo, isipokuwa kwa neno moja lililomwasha kama upupu. Kwa nini mtu anayetaka kudanganya achague uongo mdogo hivi? Angesema ameibiwa neno la siri. Angesema alitishwa. Nani anaenda gerezani akijitetea kwa kipanya?

Mlango uligongwa, akaingia Mkuu mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu wa koti la kijivu na sauti ya upole, aliyebakiza mwezi mmoja kustaafu. Hakumwangalia Kobe kwanza. Alimwendea Mhandisi, akamshika bega.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Baba Mkubwa."

"Huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu," Mkuu alimwambia Kobe. "Nimemlea tangu yuko darasa la tatu. Hisabati nimemfundisha mimi, kwa vijiti vya kiberiti. Sikulala jana, Sajini. Na lile jengo, umeona mwenyewe, lina jina langu."

Kobe alikuwa amekiona kibao jana, cha marumaru, bado kimefunikwa kitambaa kikisubiri sherehe ya kumuaga mzee. Sakafu ilianguka, kibao hakikupata hata mkwaruzo.

"Mwanasheria nimeshampata," Mkuu aliendelea. Kisha akamgeukia mwanawe, akashusha sauti. "Kubali tu, mwanangu. Sema ulibonyeza kwa bahati mbaya. Watakuonea huruma. Bahati mbaya inampata yeyote."

"Siwezi kukubali nisichofanya."

"Kiburi hiki ni cha baba yako kabisa," alisema Mkuu, na macho yake yakalowa.

Hata konstebo wa kike aliyemlinda Mhandisi aliangalia pembeni. Kobe alijikohoza. "Mzee wangu, pole sana. Ila nikuarifu kama mwenye ofisi: saa saba kamili nitafungua droo zote za humu. Za kila mtu. Ni utaratibu tu."

"Fungua, Sajini. Hata yangu. Ufunguo huu hapa." Aliuweka mezani, akatoka, akafunga mlango bila kelele.

"Mzee wa watu," alinong'ona konstebo.

Kobe alimgeukia Waya, na safari hii hakuwa anatania.

"Wewe unaweza kuingia kwenye kompyuta ya mtu ukiwa mbali?"

Waya alibadilika rangi. "Naweza, afande. Ndiyo kazi yangu."

"Ukasogeza mshale wake? Ukabonyeza?"

"Naweza. Lakini sikufanya!"

"Jumatano saa nne na robo ulikuwa wapi?"

"Juu ya dari nyumba ya pili, kwa watu wa ramani, navuta nyaya. Walinishikia ngazi watu wawili. Mmoja aliniangusha kidogo, muulize, ananicheka mpaka leo."

Kobe alitoa karatasi mfukoni, akaifungua. Ilitoka kwa wataalamu wa makao makuu, nayo ilisema kwa ufupi unaoudhi: hakuna aliyeingia kwenye mashine hiyo kupitia mtandao, mbonyezo ulitoka kwenye kipanya cha mashine yenyewe. Kobe alikuwa ameisoma tangu asubuhi. Alitaka tu kumwona Waya akiogopa, na mtu anayeogopa bure hufanya kazi vizuri baadaye.

"Umepona," alimwambia. "Sasa njoo unisaidie kumtibu mgonjwa. Kipanya cha Mhandisi kiko wapi?"

"Kwa Mama Stoo," walijibu Waya na Mhandisi kwa pamoja.

Hapo ndipo Kobe alipoijua desturi ya ofisi ile. Mwaka juzi vipanya visivyo na waya vilianza kupotea kimoja kimoja, mpaka Mama Stoo, mtunza stoo, akachoka kuandika barua. Akatunga sheria yake. Kila kipanya alikipaka doa la rangi ya kucha, kila mtu na rangi yake. Kila jioni vyote vinarudi kwenye kapu lake, vinafungiwa stoo. Kila asubuhi mtu anapanga foleni, anachukua chake, anaweka sahihi. Ofisi nyingine zilicheka. Lakini hakikupotea tena kipanya hata kimoja.

Mama Stoo aliletwa. Alikuwa mfupi, mnene, kapu limekumbatiwa kifuani na daftari kwapani.

"Nani anataka kuhesabu vyangu?" aliuliza kabla hajaketi.

"Shikamoo, mama," Kobe alisema.

"Marahaba. Rangi gani?"

Cha Mhandisi kilikuwa na doa jekundu. Kobe alikipokea kama anapokea kifaranga, akamwamuru Waya achomoe kile chenye mkia wa waya alichompa Mhandisi Jumatano mchana. Kisha akaanza, hatua kwa hatua, kana kwamba dunia ina siku nyingine nane za ziada. Alikigeuza tumbo juu: swichi ilikuwa imewashwa. Aliizima, akahesabu mpaka kumi, akaiwasha. Akabadilisha betri kwa mpya. Akafuta jicho la chini kwa ncha ya leso. Akakiweka juu ya meza, kisha juu ya daftari, endapo meza ilikuwa inang'aa mno. Akaizima kompyuta, akaiwasha.

Mshale haukutikisika.

"Kimekufa kweli," alisema konstebo.

"Taa yake ya chini inawaka," Kobe alisema. "Kitu kilichokufa hakiwaki. Huyu anaongea, ila hakuna anayemsikia. Waya, kipanya hiki kinaongea na nani?"

"Na risiva yake, afande. Kidude kidogo kama punje ya hindi, kinachomekwa kwenye kompyuta. Kila kipanya na risiva yake. Ni kama mtoto mchanga na mamake wodini: wakilia watoto ishirini, mama anaamka kwa wake tu."

"Na ya huyu imechomekwa wapi?"

Waya akakaa taratibu kwenye sakafu, akaiburuta kompyuta, akaingiza kichwa nyuma yake.

"Risiva ipo," ilisema sauti yake kutoka kwenye vumbi. Halafu: "Mungu wangu. Siyo ya huyu."

"Umejuaje?"

"Kipanya cha Mhandisi kina alama ya nyota. Hii ina alama ya pembetatu. Kampuni tofauti kabisa." Kichwa kilitoka, nywele zimejaa utando wa buibui. "Afande, nimeelewa. Jumatano asubuhi nilihamisha mashine. Mkuu aliletewa kompyuta mpya. Ya zamani ya Mkuu nikaileta hapa kwa Mhandisi. Ya zamani ya Mhandisi nikaifungia stoo."

"Na vipanya?"

"Vipanya havihami!" Mama Stoo aliingilia, kama ametukanwa. "Kompyuta ni ya ofisi. Kipanya ni cha mtu, kina rangi yake, kina sahihi yake kwenye daftari langu. Mashine itahama, kipanya kinabaki na mwenyewe. Ndiyo sheria."

"Na risiva je, mama? Ziko kwenye daftari?"

Mama Stoo alilifungua daftari, akaliangalia kurasa mbili, akalifunga. "Risiva ndiyo nini?"

Shingo ya Kobe ilianza kushuka. Alikuwa anaona kitu, na hakukipenda.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "risiva ya Mhandisi iko stoo, nyuma ya kompyuta iliyozimwa. Ndiyo maana kipanya chake kiligoma asubuhi ileile. Alisema kweli."

Mhandisi alifumba macho. Pumzi ilimtoka ndefu, kama mtu aliyetua ndoo.

"Usifurahi bado, dada," Kobe alimwambia. "Hiyo inaonyesha hukuweza kubonyeza Kataa. Nataka aliyebonyeza Idhinisha. Hii risiva ya pembetatu ilikuwa hapa nyuma Jumatano, iko macho, inamsubiri mtoto wake alie. Waya, kipanya kinafika umbali gani?"

"Mita nane, kumi. Ukuta wa mbao au kioo haukizuii."

"Basi aliyebonyeza hakuhitaji kukanyaga sakafu ya mama mfagizi."

Konstebo alijishika mdomo.

"Labda ilikuwa bahati mbaya," alisema Waya kwa haraka. "Mtu anasugua kipanya chake, hajui kama kinaendesha mshale wa chumba kingine. Kikaangukia Idhinisha."

"Nionyeshe mtu anavyoidhinisha."

Waya alikichomeka tena kile cha mkia, Mhandisi akamtajia neno la siri, wakafungua faili la mazoezi. Waya alibonyeza Idhinisha. Kisanduku kikaruka katikati ya skrini: *Una hakika?* Chini yake, kushoto Ndiyo, kulia Hapana.

Kompyuta ilikuwa na adabu kuliko wanadamu wengi, iliuliza kwanza. Kobe alikikodolea macho kisanduku kile.

"Mara ya kwanza inaweza kuwa bahati mbaya," alisema. "Mara ya pili alisogeza mshale mpaka kwenye Ndiyo. Alikuwa anaiona skrini hii."

Macho ya watu wote yaligeuka kushoto, kwenye kioo. Upande wa pili kiti cha Mkuu kilikuwa kitupu, kimegeuzwa kidogo, koti halipo kwenye mgongo wake.

"Tusiende mbio," Kobe alisema, akijiambia mwenyewe. "Tuhesabu kwanza. Mama, tupe kapu."

Wakavijaribu vyote, kimoja baada ya kingine, juu ya daftari lilelile. Doa la bluu: mshale umelala. Doa la kijani: umelala. Zambarau, chungwa, waridi, jeusi. Mama Stoo alitaja kila rangi na mwenye rangi kama anaita mahudhurio. Kilipofika cha mwisho, cheupe, na mshale haukushtuka, Kobe alikuwa amevipanga mezani kama jeshi lililoshindwa.

"Kumi na vitatu," alisema. "Mama, daftari lako linasema vingapi?"

"Kumi na vinne." Mama Stoo alilamba kidole, akafunua kurasa. "Hakipo cha rangi ya dhahabu. Mkuu. Jumatano jioni hakurudisha. Nimeandika hapa: 'Amesema kimepotea.' Nikampa cha mkia. Miaka miwili, afande, hakijapotea kitu, halafu anipotezee Mkuu mwenyewe. Ningemfokea nani?"

"Kilikuwa na alama ya pembetatu?"

"Pembetatu," alisema Waya kwa sauti ndogo. Alikuwa ametoa kijitabu chake cha malalamiko mfuko wa nyuma, anakisoma kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. "Jumatano, saa tatu na nusu. 'Mkuu: kipanya kimegoma kwenye kompyuta mpya.' Nilimwambia nikitoka darini nitakuja. Saa sita nilipokuja akasema usijisumbue, kimepotea."

"Saa tatu na nusu kimekufa," Kobe alisema. "Saa sita kimepotea. Kitu kilichokufa kinatembeaje kwenda kupotea?"

Mhandisi alikuwa anatikisa kichwa. "Hapana. Hapana, afande, unakwenda pabaya. Kimeibwa. Chumba cha Baba Mkubwa kinaingiwa na kila mtu, wageni, wakandarasi, hata aliyejenga hosteli anaingia kama kwake. Mtu kakichukua mezani pake. Muulize mwenyewe, atakuambia nani aliingia."

Na hilo, kusema kweli, ndilo lililokuwa kichwani mwa Kobe pia. Mkandarasi. Mtu mwenye jengo bovu na haraka ya kulikabidhi, ameketi kwenye kiti cha wageni, mzee amenyanyuka kidogo, kipanya kiko mezani, kioo kiko mbele. Alishaliandika neno *mkandarasi* kwenye kijitabu chake na kulipigia mstari. Aliinuka ili akamuulize mzee.

"Kinatembea," alisema konstebo.

"Nini?"

"Mshale. Unatembea."

Waya aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Kile cha mkia kilikuwa kimechomolewa tangu walipoanza majaribio ya kapu, kimelala sakafuni. Vipanya kumi na vitatu vilikuwa vimepinduliwa matumbo juu. Hakuna mkono uliokuwa karibu na meza.

Na mshale ulikuwa unatembea. Ulichupa kidogo, ukatulia. Ukachupa, ukatulia. Chup. Chup. Kama moyo wa mtu.

Kutoka korido ilisikika sauti ya viatu. Kobe aliisikiliza akiwa ameikodolea skrini. Kila kiatu kilipopiga sakafu, mshale ulichupa.

Mlango ukafunguliwa.

"Saa saba inakaribia, Sajini," alisema Mkuu kwa upole. "Natoka kidogo kuwanunulia chakula, msije mkasema nimewatesa kwa njaa. Mmefika wapi?"

Wote walikuwa wanatazama skrini. Mkuu alisimama mlangoni, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti la kijivu, na mshale nao ukasimama.

"Mzee," Kobe alisema. Shingo yake ilikuwa imezama yote. Maneno yalitokea ndani ya kola. "Hebu sogea hapa mezani."

Mkuu alipiga hatua. Mshale ukachupa. Hatua ya pili. Ukachupa. Ya tatu, na yeye mwenyewe akaona wanachokiona. Alikitazama kile kijishale cheupe kikitetemeka kwenye skrini ya mwanawe kama mtu anayeiona sura yake kwenye kioo cha nyumba asiyoijua.

"Hiyo kompyuta ina nini?" aliuliza. Na kwa hofu, mkono uliokuwa mfukoni ulikunja ngumi.

Kwenye skrini, peke yake, menyu ikafunguka.

Mama Stoo aliangusha daftari.

"Hajui chochote kuhusu risiva," Waya alinong'ona, kana kwamba anamwombea mzee radhi. "Alidhani kipanya kikitoka mezani basi. Hakujua kuna kinachobaki."

Kobe hakumgusa Mkuu. Miaka kumi na minne ya kazi, alishaona watu wakikimbia, wakirusha viti, wakizirai. Huyu hakufanya lolote. Alisimama tu katikati ya chumba, amepauka, mkono mfukoni kama umeota humo.

"Jumatano ulikisugua kikagoma," Kobe alisema. "Ukainua macho kwenye kioo, ukaona mshale wa humu unacheza. Ukasogeza kulia, ukaenda kulia. Kiti hiki kilikuwa kitupu. Na mbele yako lilikuwa faili la jengo lenye jina lako, limebakiza sekunde chache likataliwe. Sherehe mwezi ujao. Kibao kimeshachongwa. Leo uliposikia tutapekua, ukakitia kipanya mfukoni ukakitupe nje."

"Yule mkandarasi aliniambia nyufa ni za plasta," alisema Mkuu. Hakuwa anaongea na Kobe. "Aliniambia mtoto anakuza mambo. Nikaona ni mtoto, anakuza mambo."

"Ulinitafutia mwanasheria," Mhandisi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu vitu nyumbani baada ya kuibiwa. "Jana usiku ulikesha kwenye benchi la kituo, ukaniletea shuka. Uliniletea shuka, Baba Mkubwa."

"Mwanangu."

"Ukaniambia nikubali."

Kobe alimwashiria konstebo, na pingu zikafunguliwa. Mhandisi hakuziangalia. Hakujisugua hata vifundo vya mikono. Mama Stoo, kwa mazoea tu, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya kingine, alikuwa amelinyanyua kapu tupu na kulishika mbele ya Mkuu, kama kila jioni.

Mzee aliutoa mkono mfukoni. Kilikuwemo, kidogo, cheusi, na doa la dhahabu mgongoni. Alikiweka ndani ya kapu taratibu, na nyuma yake mshale ulipanda mpaka kona ya skrini, ukakwama hapo.

"Nilibonyeza kwa bahati mbaya," alisema.

Mhandisi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mara mbili, Baba Mkubwa?"